Utendaji wa Zimamoto katika wilaya zetu: tupime nini, na nani apime?

#1 Mleta uzi

Ndugu wanajamvi,

Kila soko au ghala linapoteketea katika nchi yetu, hukumu hutolewa kabla majivu hayajapoa: Zimamoto wamechelewa, Zimamoto wamefika bila maji. Lawama hizo zilisikika baada ya Soko la Kariakoo kuungua usiku wa Julai 10, 2021, na husikika baada ya matukio madogo ambayo hayafiki hata magazetini. Jeshi la Zimamoto nalo hujibu, mara nyingi kwa hoja za kweli, kwamba simu ilipigwa moto ukiwa umeshakolea, njia ilikuwa imezibwa na magari, au umati uliwazuia askari kufanya kazi. Baada ya siku chache mjadala hufifia, na hakuna upande unaokuwa umeweka mezani takwimu ambayo mwananchi wa kawaida anaweza kuihakiki. Nafungua uzi huu nikiwa na hoja moja: utendaji wa Zimamoto unaweza kupimwa wilaya kwa wilaya na kituo kwa kituo, lakini kipimo hicho hakitakuwa cha haki wala cha manufaa iwapo kitawahusu askari peke yao, kwa kuwa sehemu kubwa ya matokeo ya kazi yao iko mikononi mwa taasisi nyingine.

Zamani vikosi vya zimamoto vya miji vilikuwa chini ya halmashauri. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, Na. 14 ya 2007, ambayo leo ni Sura ya 427 ya sheria zetu, ndiyo iliyoweka jeshi moja la taifa chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Siwaungi mkono wanaotaka turudi kule tulikotoka, kwa sababu jeshi moja lina mafunzo ya aina moja, safu moja ya amri, na magari yanayoweza kuhamishwa kutoka mkoa mmoja hadi mwingine. Hata hivyo kuna jambo tulilolipoteza. Diwani aliyeweza kusimama katika baraza na kuuliza kwa nini gari la kituo cha mjini liko juu ya mawe hana tena mamlaka ya kudai jibu, wakati maji yanayohitajika kuuzima moto yako kwa mamlaka ya maji, barabara za mitaa ziko TARURA, umeme unaopaswa kukatwa kwanza uko TANESCO, na kibali cha jengo lisilo na mlango wa dharura kilitolewa na halmashauri ile ile ambayo diwani huyo anaisimamia. Jeshi linawajibika juu kwa Waziri, na hao wengine wanawajibika kila mmoja kwa wake. Hapo ndipo takwimu zinapopotelea.

Sasa nije kwenye vipimo, nikianza na muda, kwa kuwa ndio unaolalamikiwa zaidi. Tunaposema "walichelewa" tunachanganya vipindi vitano tofauti: tangu moto kuanza hadi mtu kupiga 114, namba ya dharura ya Zimamoto, tangu simu kupokelewa hadi kituo kupewa amri, tangu amri hadi magurudumu kutoka getini, safari yenyewe, na tangu gari kusimama hadi maji kufika kwenye moto. Kila kipindi kina mwenyewe. Cha kwanza ni chetu wananchi, cha pili ni cha chumba cha mawasiliano, cha tatu ni cha kituo, cha nne ni cha barabara na cha umbali kati ya vituo, na cha tano kinategemea mafunzo, pampu na maji. Ukivijumlisha na kutaja namba moja, hutajua umlaumu nani wala urekebishe nini. Huko Uingereza takwimu rasmi za muda wa kuitikia wito hutenganisha kushughulikia simu, kujiandaa kwa askari na mwendo wa gari, na mwananchi anaweza kuzisoma kwa kila eneo lenye kikosi chake. Sioni sababu ya sisi kushindwa kufanya hivyo, hata kama tutaanza na daftari na saa ya ukutani.

Jambo la pili kuhusu muda ni hatari ya wastani. Chukulia kata mbili, kila moja ikiwa na matukio 10 kwa mwaka. Katika kata ya kwanza gari lilifika kwa dakika 10 kila mara. Katika ya pili lilifika kwa dakika 5 mara nane, na kwa dakika 30 mara mbili. Wastani wa kata zote mbili ni dakika 10, lakini katika ile ya pili kuna familia mbili ambazo hazikupata huduma yoyote ya maana. Ndiyo maana NFPA, shirika la Marekani linaloandika viwango vya kujikinga na moto, katika kiwango chake namba 1710 kilichotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2001, halitumii wastani bali linataka lengo litimizwe katika angalau asilimia 90 ya matukio: sekunde 80 za kujiandaa na kutoka kituoni kwa wito wa moto, na dakika 4 za safari kwa gari la kwanza. Sipendekezi tuchukue dakika hizo nne na kuzibandika Mbagala au Sumbawanga. Ninachopendekeza ni namna ya kuhesabu, kwamba kila wilaya iweke lengo lake kulingana na umbali na barabara zake, kisha itangaze ni matukio mangapi kati ya mia yalitimiza lengo hilo.

Kuhusu maji, malalamiko ya "gari limekuja tupu" kwa sehemu kubwa yanatokana na kutojua hesabu. Gari lenye lita 5,000 likimwaga lita 500 kwa dakika litakauka baada ya dakika 10, hata kama lilitoka kituoni likiwa limejaa hadi juu. Moto wa soko au ghala hauzimwi kwa dakika 10. Kwa hiyo kinachoamua ni kama kuna haidranti, yaani bomba la mtaani la kuchotea maji ya kuzima moto, inayofanya kazi karibu na tukio, na kama boza la pili lilianza safari wakati mmoja na gari la kwanza au lilisubiri kuitwa. Mimi ningependa kila wilaya itangaze, mara mbili kwa mwaka, orodha ya haidranti zake zote pamoja na hali ya kila moja: ina msukumo wa kutosha, imekauka, imefukiwa na ujenzi wa barabara, au imejengewa kibanda juu yake. Mpimaji asiwe Zimamoto peke yake wala mamlaka ya maji peke yake. Waende pamoja na wasaini pamoja.

Mwisho, ukaguzi. Jeshi hukagua majengo kwa tozo na kutoa cheti cha usalama dhidi ya moto. Nina wasiwasi mkubwa na tabia ya kutangaza mafanikio ya ukaguzi kwa kutaja idadi ya majengo yaliyokaguliwa na maduhuli yaliyokusanywa, kwa kuwa kipimo cha aina hiyo humvuta mkaguzi kwenda kwenye jengo linalolipa vizuri na kuliacha bweni la shule lisilo na kitu. Septemba 2020 wanafunzi 10 walifariki kwa moto katika bweni la shule ya msingi wilayani Kyerwa, mkoani Kagera. Swali ninalotaka liulizwe katika kila wilaya ni hili: mabweni yote ya wilaya ni mangapi, mangapi yalikaguliwa mwaka huu, mangapi yalikutwa na kasoro, na mangapi kati ya hayo yalikaguliwa tena na kukutwa yamerekebishwa?

Karibuni tujadili. Naomba tubaki kwenye hoja.

#2 Mstaafu wa Kituo

Mleta uzi, umeandika kwa utulivu, nami nitajaribu kukujibu hivyo hivyo, nikiwa mtu aliyevaa sare hiyo kwa miaka mingi.

Nakubaliana nawe kuhusu vipindi vitano, na ninaongeza kwamba kipindi cha kwanza ndicho kinachoua zaidi na ndicho kisichopimwa kabisa. Watu wengi huanza kuokoa magodoro, kisha humwita jirani, kisha humpigia ndugu, na 114 hukumbukwa paa likiwa limeshika. Vyumba vya siku hizi vina makochi na magodoro ya sponji, na moto wa namna hiyo unaweza kukijaza chumba kizima ndani ya dakika chache, kabla hata gari la kituo cha jirani halijapinda kona ya kwanza. Afisa wa zamu akimuuliza mpiga simu moto ulionekana saa ngapi na kuliandika jibu, baada ya mwaka mmoja wilaya itajua kama inahitaji gari jipya au inahitaji elimu ya mlango kwa mlango.

Kuhusu kipindi cha pili, shida si uvivu wa mpokea simu. Mtu anapiga akiwa anatetemeka, anasema "tuko nyuma ya msikiti, karibu na mwembe", kisha simu inakatika. Mwaka 2022 serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi, nyumba zikapewa namba na mitaa ikapewa majina. Nashauri ipimwe ni simu ngapi kati ya mia ambazo eneo la tukio lilitambuliwa kwa anwani hizo. Zile namba za milangoni ziliwekwa kwa fedha za umma na zinapaswa kutumika usiku wa dharura. Simu za mzaha nazo zihesabiwe peke yake, zisichanganywe na matukio, la sivyo kituo kitaonekana kilifanya kazi nyingi kumbe kilikimbizwa bure.

Hata hivyo nina onyo. Ukiweka shinikizo kubwa kwenye dakika za safari, utawafanya madereva waendeshe kwa hatari, na gari la zimamoto lililojaa maji ni zito na halina huruma likipinduka. Kipindi cha tatu kibanwe kwa nguvu zote, kwa sababu kiko ndani ya uwezo wa kituo: askari wamelala na buti zao karibu, gari limejazwa maji na mafuta, betri inawaka. Kipindi cha nne kitumike kumuuliza mwenye mamlaka ya kujenga vituo, asiulizwe dereva.

Tena umesahau nusu ya jina la jeshi. Ni Zimamoto na Uokoaji. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilianguka katika Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43. 19 walifariki na 24 waliokolewa. Wavuvi walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuifikia, na kijana mmoja kati yao baadaye alichukuliwa na jeshi. Wilaya iliyo kando ya ziwa au bahari haiwezi kupimwa kwa magari na haidranti pekee. Ipimwe kwa boti inayowaka leo, si ile iliyopo kwenye leja, kwa wazamiaji walio zamu, na kwa mazoezi ya pamoja na wavuvi ambayo yamefanyika kweli na kuandikwa tarehe.

#3 Binti wa Tandale

Nawashukuru wote wawili, lakini naona mnazungumzia mji wenye barabara. Kwetu gari la zimamoto linafika barabarani na kusimama hapo, kwa kuwa kati ya barabara na nyumba inayoungua kuna vichochoro ambavyo hata bajaji haipiti. Kama kipimo kitasema gari "lilifika" kwa dakika nane, sisi tutakuwa tumeandikwa katika kundi la waliohudumiwa vizuri huku nyumba sita zimekwisha. Ndiyo maana namsihi mleta uzi akitilie mkazo kile kipindi cha tano, tangu gari kusimama hadi maji kugusa moto, na kiandikwe pamoja na urefu wa mipira iliyotandazwa. Takwimu hiyo pekee, ikiwekwa kwenye ramani ya mitaa, itaonyesha ni wapi panahitaji pampu ndogo ya kubebwa na watu wawili, matangi ya maji ya mtaa na vijana waliofundishwa, badala ya gari kubwa jingine ambalo litasimama pale pale liliposimama la kwanza.

Liko pia suala la umeme. Askari hawezi kumwaga maji kwenye nyumba yenye nyaya zenye moto wa umeme, na wananchi wanaona amesimama tu, wanaanza kurusha mawe. Muda kati ya TANESCO kupewa taarifa na umeme kukatwa uandikwe kwenye ripoti ile ile ya tukio. Hilo likifanyika, lawama itakwenda inakostahili, na pengine mawe yatapungua.

Nina hofu moja ambayo ningependa ijibiwe. Mkianza kuvipanga vituo kwa madaraja, kile chenye gari moja bovu na eneo lenye watu wengi maskini kitakuwa cha mwisho kila mwaka. Je, cha mwisho kitaongezewa, au kitakaripiwa?

#4 Jirani wa Mombasa

Ndugu zangu, niruhusuni nitie neno kutoka upande wa pili wa mpaka, kwa maana sisi tumeifuata njia mliyoiacha. Katiba yetu ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeziweka huduma za zimamoto na usimamizi wa maafa mikononi mwa kaunti, na tangu 2013 kila kaunti ina jukumu hilo. Mwakilishi wa wadi anaweza kumwita waziri wa kaunti na kumuuliza kuhusu gari bovu, na mwananchi anaweza kusimama katika kikao cha maoni ya bajeti na kudai kituo. Hiyo ni faida ya kweli. Lakini ukaribu wa mamlaka haukuzalisha vipimo wenyewe. Kaunti moja inaweza kuandika muda wa kufika na nyingine isiuandike kabisa, kwa hiyo hakuna namna ya kuzilinganisha, na soko la Gikomba kule Nairobi limeungua mara kwa mara katika miaka hii yote.

Kuhusu ukaguzi, nadhani hoja ya mleta uzi ya kukagua tena ndiyo kiini cha mambo yote. Usiku wa Februari 1, 2024, gesi ililipuka Embakasi, watu wakafa na mamia wakajeruhiwa. Mamlaka ya nishati, EPRA, ilieleza kwamba maombi ya kibali ya kituo hicho cha gesi yalikuwa yamekataliwa mwaka 2023. Kwa maana nyingine, karatasi zilifanya kazi yake na shughuli ikaendelea vilevile kando ya nyumba za watu. Hakuna kipimo cha "maombi yaliyoshughulikiwa" kitakachoonyesha kasoro hiyo. Kinachohitajika ni orodha ya waliokataliwa, na jina la ofisi iliyotakiwa kwenda kuhakikisha kwamba mahali hapo pamefungwa kweli.

#5 Mleta uzi

Nimesoma yote kwa makini, na nakiri kwamba uzi huu sasa umenizidi mimi niliyeuanzisha.

Mkuu Mstaafu, onyo lako kuhusu madereva nimelipokea, na suala la uokoaji litaingia kwa uzito sawa na la moto. Ndugu wa Mombasa, orodha ya waliokataliwa ni jambo ambalo wilaya yoyote inaweza kulitengeneza kesho asubuhi bila bajeti mpya.

Dada wa Tandale, swali lako ni zito na ninataka kulijibu kikamilifu. Kuanzia 2017 Uingereza ilikabidhi ukaguzi wa vikosi vyake vya zimamoto kwa chombo kilicho nje ya vikosi hivyo, kinachoitwa HMICFRS, na ukaguzi wenyewe ukaanza 2018. Chombo hicho huuliza mambo matatu makubwa: je, kikosi kinafanikiwa kuwalinda watu, je, kinatumia rasilimali vizuri, na je, kinawatunza askari wake? Hilo la tatu nalipenda sana, kwa sababu askari asiye na mavazi ya kujikinga au kifaa cha kupumulia hawezi kuingia kwenye moshi, na hapaswi kulaumiwa kwa kutoingia. Ripoti hutoka kwa maelezo marefu yanayotaja sababu, kisha wakaguzi hurudi kuangalia kilichorekebishwa. Kwetu ningependa tuache kabisa kuvipanga vituo kwa namba ya kwanza hadi ya mwisho. Kila kituo kilinganishwe na mwaka wake uliopita, na pembeni ya kila takwimu iandikwe idadi ya watu wanaohudumiwa, magari yanayotembea na askari walio zamu. Kituo chako kikiwa na gari moja kwa watu laki kadhaa, ripoti itakuwa hoja ya kukiongezea, na mbunge hatakuwa na kisingizio cha kusema hakujua.

Tahadhari nyingine ambayo hakuna aliyeitaja: mwaka wa kwanza wa kuhesabu vizuri, idadi ya matukio itapanda. Itapanda kwa sababu moto mdogo uliokuwa hauandikwi sasa unaandikwa. Kiongozi asiyelielewa jambo hilo atawakaripia waliofanya kazi yao kwa uaminifu, na mwaka wa pili wataacha kuandika. Vivyo hivyo nisingependa thamani ya mali iliyoteketea itumike kama kipimo cha kituo, maana ghala moja la nguo likiungua linafuta kazi nzuri ya miezi kumi na moja.

Sasa nani apime? Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali ana mamlaka ya kufanya ukaguzi wa ufanisi chini ya Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya 2008, na Bunge lina kamati inayoshughulikia ulinzi na usalama. Hao wanatazama nchi nzima na hawawezi kwenda kuhesabu haidranti za kata. Kwa ngazi ya chini, naona mahali panapofaa ni kamati za maafa za wilaya chini ya Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022, kwa sababu ndipo Zimamoto, maji, barabara, umeme na halmashauri wanapoweza kukaa meza moja. Kamati hiyo ikipokea ripoti ya robo mwaka na kuibandika kwenye mbao za matangazo za kata, diwani atakuwa amerudishiwa haki ya kuuliza bila jeshi kuvunjwa vipande.

Hatuna haja ya kusubiri sheria mpya ili tuanze. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa taasisi ya umma, na taasisi inapaswa kujibu ndani ya siku 30. Rasimu ninayoiandaa inaomba, kwa mwaka wa fedha uliopita na kwa kila kituo cha wilaya: idadi ya simu, zikitenganishwa za kweli na za mzaha; saa ya kupokea simu, ya kutoka, ya kufika na ya maji kuanza kumwagwa, kwa kila tukio; saa umeme ulipokatwa; magari na boti zinazofanya kazi; haidranti na hali zake; na mabweni yaliyokaguliwa, yaliyokutwa na kasoro na yaliyokaguliwa tena. Majina ya waathirika hatuyaombi, wala namba za simu za walioita msaada.

Nakala zitakwenda kwa mkuu wa wilaya na kwa mkurugenzi wa halmashauri. Jambo moja bado sijaliamua: je, tuandike barua moja kwa kamanda wa mkoa, ambaye ana picha nzima lakini atahitaji muda wa kukusanya, au kila mwanajamvi aandike kwa kituo cha wilaya yake? Mstaafu, wewe unajua madaftari hayo yanatunzwa wapi, kwa hiyo naomba uanze wewe kujibu.

#6 Mstaafu wa Kituo

Andikeni kwa kamanda wa mkoa, lakini ombeni nakala za madaftari ya matukio ya vituo, msiombe muhtasari. Muhtasari huandaliwa baada ya barua kufika. Daftari huandikwa usiku ule ule wa tukio, likiwa na saini ya afisa wa zamu, na humo mtakuta saa nyingi kati ya hizo mnazozitafuta. Saa ya umeme kukatwa hamtaikuta humo mara nyingi. Hiyo waombeni TANESCO kwa barua yake, tarehe ile ile, ili majibu yaje yakiwa yanaweza kuwekwa ubavuni mwa mengine.